GARI KUUKUU: NI AKIBA AU NI MZIGO?

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Katika toleo hili ningependa tujifunze pamoja jambo ambalo halimo katika vitabu vyetu vya darasani, lakini limezungumzwa sana nyumbani kwetu tangu likizo ya Agosti. Swali lenyewe ni hili: mtu akinunua gari kuukuu leo kwa bei ya chini, akalitunza vizuri, je, anaweza kuliuza baada ya miaka kumi na mitano kwa bei kubwa? Au atakuwa amenunua kutu yenye magurudumu?

Kwetu swali hili si la mchezo. Mjomba wangu, au khocha kama tunavyosema Bungoma, ameuza miwa yake akapata shilingi 300,000. Anataka kununua magari matatu ya zamani: Peugeot 504 iliyoko karibu na Kanduyi, Land Rover iliyoko shambani huko Kiminini, na Volkswagen ya mgongo wa kobe iliyoko hapa Kitale. Kila moja wanaliuza shilingi 150,000. Kwa hiyo amepungukiwa na shilingi 150,000, naye amemwomba mama amkopeshe. Sasa msomaji, fedha alizo nazo mama ni zile alizoziweka kwa ajili ya karo yangu ya chuo! Mama hakukataa wala hakukubali. Aliniambia, "Wewe si ndiye unayesoma hesabu? Chunguza, halafu utuambie sote." Haya ndiyo niliyoyapata.

1. KLASIKI NI GARI GANI?

Si kila kitu cha zamani kina thamani. Sufuria iliyotoboka ni ya zamani, lakini hakuna anayeigombania. Gari likiwa jipya huanza kushuka bei siku ile ile linapotoka dukani. Hushuka, hushuka, mpaka linafika chini kabisa, pale linapouzwa kama vyuma. Magari mengi huishia hapo. Machache tu, baada ya miaka ishirini na tano au thelathini, hugeuka na kuanza kupanda tena. Hayo ndiyo wapenda magari huyaita klasiki.

Ulimwenguni kuna mifano inayotoa macho. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964. Moja ilikuwa ikiuzwa mpya kwa dola 18,000 hivi za Kimarekani. Mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 48. Tena mwaka 2022 gari la Mercedes-Benz la mwaka 1955 liliuzwa kwa yuro milioni 135.

Mjomba aliposikia haya alipiga makofi. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mjomba." Magari hayo yalikuwa machache tangu mwanzo. Peugeot 504 zilitengenezwa zaidi ya milioni tatu. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwezi Julai 2003. Anayetarajia utajiri wa Ferrari kutoka kwa kobe atangoja mpaka yeye mwenyewe awe klasiki.

2. KWA NINI WATU HUYATAFUTA?

Mwalimu wetu wa Biashara hutufundisha kwamba bei huamuliwa na mambo mawili: wingi wa bidhaa na wingi wa wanaoitaka. Kuhusu wingi, hapa Kenya tuna sheria inayokataza gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingizwa nchini. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kwenda Japani au Uingereza akaleta 504 ya mwaka 1975 kama tunavyoleta magari mengine ya mtumba. Zilizoko ndizo hizo, na kila mwaka nyingine hukatwa vipande na wanunuzi wa vyuma. Hapa mjomba ana hoja.

Lakini uhaba peke yake hautoshi. Lazima kuwe na watu wanaolipenda gari hilo. Na mapenzi ya magari nchini Kenya yana mama mmoja: Safari Rally. Mashindano haya yalianza mwaka 1953. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda kwa Volvo PV544 ambayo wala haikuwa mpya. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano, mara zote kwa Datsun, na nne kati ya hizo zilifuatana tangu 1979 hadi 1982. Peugeot 504 nayo ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, kisha 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas.

Waliokuwa watoto wakati huo, wakisimama kando ya barabara wakimwagiwa vumbi, leo ni wazee, na baadhi yao wana pesa. Mtu akipata pesa hutafuta kile alichokitamani utotoni. Ndiyo maana tangu 2003 kuna mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, na kule Nairobi kuna maonyesho ya magari na pikipiki maridadi, Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970.

Kwetu magharibi, 504 ina kumbukumbu nyingine. Wazee hawasemi Peugeot, wanasema "Pijo". Ile ndefu yenye viti vya safu tatu ilibeba abiria kutoka mji hadi mji kabla ya Nissan kuenea, kama vile Probox zinavyobeba watu siku hizi. Babu yangu husema waliingia kumi, wakatoka wakiwa jamaa.

3. MAMBO MATANO YA KUCHUNGUZA

Jumamosi moja mjomba na mimi tulimwendea fundi mmoja mzee wa jua kali mjini Bungoma. Nilimuuliza, "Mzee, gari la zamani huchunguzwaje?" Akacheka. "Kijana, gari ni kama ng'ombe wa mahari. Usiangalie pembe tu, fungua mdomo uhesabu meno." Nimeyapanga maneno yake namna hii:

(a) Kutu. Hili ni la kwanza na la mwisho. Injini hutengenezeka, lakini bodi iliyoliwa hula pesa bila kushiba. Chukua sumaku, ifunge kwa kitambaa, ipitishe juu ya bati. Mahali isiposhika, hapo pamejazwa puti na kupakwa rangi. Inua zulia uangalie sakafu. Katika Trans-Nzoia kuna jambo la zaidi: magari ya mashambani yamebeba mbolea miaka na miaka. Mbolea ni chumvi. Ikichanganyika na mvua ya Kitale hula chuma kama mchwa alavyo mlango.

(b) Uasilia. Wanunuzi wa klasiki wanataka gari lenye injini yake, viti vyake na taa zake. Mafundi wetu ni hodari. Pijo ikifa injini, wanatia ya Toyota na safari inaendelea. Kwa usafiri ni sawa. Kwa mkusanyaji wa magari, thamani imeondoka na injini ile. Soma nambari ya injini na ya fremu, linganisha na logbuku.

(c) Karatasi. Magari mengi ya kale yako bado kwa jina la mtu aliyefariki. Hapo huwezi kubadilisha umiliki mpaka familia ipate barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Ukilipa kabla ya hayo, umenunua kesi.

(d) Spea. Kwa Volkswagen na Land Rover, spea hutengenezwa mpaka leo kwa sababu wapenzi wake wako kila pembe ya dunia. Kwa magari mengine utazunguka kwa wauza vyuma vikuukuu ukitafuta kioo kimoja cha taa. Kumbuka pia kwamba petroli yenye risasi iliondolewa nchini mwaka 2006. Injini nyingi za zamani ziliitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu, kwa hiyo uliza kama kichwa cha injini kimewahi kurekebishwa.

(e) Mahali pa kuliweka. Gari la kungojewa miaka 15 halikai chini ya mwembe. Linahitaji paa, sakafu kavu, na kuwashwa mara kwa mara. Likisimama tu, magurudumu hupasuka, breki hushikana, petroli huharibika na panya hutafuna nyaya. Kuku nao hutaga kwenye kiti cha nyuma.

Tuliyapima magari matatu ya mjomba kwa mizani hii. Land Rover ilikuwa imetobolewa na mbolea hata nikaiona nyasi kupitia sakafu. Bodi yake ya aluminiamu ilikuwa nzima, lakini fremu ya chuma ilibonyea kwa kidole. Volkswagen ilikuwa nzuri, ila logbuku ina jina la marehemu, na watoto wake hawasikilizani. Iliyobaki ni 504 ya Kanduyi: injini yake mwenyewe, karatasi kwa jina la muuzaji, kutu kidogo tu milangoni. Katika matatu, moja limefaulu.

4. HESABU HAINA UNDUGU

Tuseme sasa mjomba ananunua hiyo moja kwa shilingi 150,000. Tuseme tena angeziweka fedha hizo katika chama cha akiba kinachomlipa asilimia 10 kila mwaka, naye haguse faida, bali inazaa juu ya faida. (Asilimia 10 ni mfano wangu wa hesabu tu, faida hubadilika.) Fedha zingekua hivi:

Baada ya miaka 5: shilingi 241,577
Baada ya miaka 10: shilingi 389,061
Baada ya miaka 15: shilingi 626,587

Basi gari likiuzwa shilingi 600,000 baada ya miaka 15, majirani watasema mjomba ametajirika, kumbe amepitwa na aliyekaa kitako.

Hata hivyo hesabu haijaisha. Gari hula. Bima, oili, betri, magurudumu, mabati ya kibanda: tuseme shilingi 20,000 kwa mwaka, na hiyo ni huruma. Fedha hizo pia zingewekwa kila mwisho wa mwaka kwa faida ile ile, baada ya miaka 15 zingekuwa 635,450. Jumlisha na 626,587. Jibu ni shilingi 1,262,037. Yaani gari la 150,000 lazima liuzwe zaidi ya mara nane ya bei yake ndipo lishinde akiba ya kawaida. Na mnunuzi wa bei hiyo hayuko Chwele sokoni. Yuko Nairobi au ng'ambo.

Tena bei za klasiki hazipandi tu kama moshi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei za Ferrari na nyinginezo zilipaa sana huko Ulaya na Marekani. Ilipofika 1990 soko lilianguka, na waliokopa ili wanunue walilia. Kukopa ndiko kulikowaumiza zaidi, maana gari linaweza kungoja bei irudi, lakini deni halingoji.

5. MAONI YANGU

Niliwasomea wote hesabu hii jioni moja, mjomba akiwapo. Nilisema mambo matatu. Kwanza, gari kuukuu linaweza kuwa akiba nzuri kwa mtu anayelipenda, anayelitumia, na ambaye hata bei isipopanda hatalala njaa. Furaha ya kuliendesha siku ya Jumapili ni sehemu ya faida. Pili, asinunue matatu. Anunue lile moja lililofaulu mtihani, kwa fedha zake mwenyewe, na zitakazobaki anunue mtamba. Mtamba atazaa na kutoa maziwa, gari halizai. Tatu, nilisema kwa adabu kwamba karo isiguswe. Elimu yangu nayo ni gari la miaka 15, ila hili halipati kutu.

Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hesabu yako haina kosa, lakini haijui harufu ya Pijo ikiwashwa asubuhi." Kweli, hiyo sikuijumlisha. Mama alizifunga fedha katika leso yake akaingia jikoni, nami nikajua jibu lake. Mpaka ninapoandika haya, mjomba bado anajadiliana na mwenye 504, akitaka apunguziwe kwa ajili ya kutu ya milangoni. Sumaku yangu ameichukua.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kibaba hicho lazima kiwe na magurudumu manne.

ZOEZI KWA WANACHAMA

1. Kwa kutumia faida ya asilimia 8 kwa mwaka, tafuta bei ambayo gari la shilingi 150,000 lazima liuzwe baada ya miaka 10 ili mwenyewe asipate hasara. Gharama za kila mwaka ni shilingi 20,000.
2. "Uhaba peke yake si thamani." Jadili, ukitoa mifano miwili kutoka sokoni kwenu.
3. Tunga mjadala mfupi kati ya mjomba na mama kuhusu karo. Tumia methali zisizopungua tatu.