Tingatinga: Nunua Picha kwa Aliyeichora

Ukifikia Temeke, Dar es Salaam, labda kwa ajili ya Maonesho ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, tenga nusu siku uvuke mji hadi Oysterbay. Huko, jirani na Morogoro Stores, kuna ushirika wa wachoraji wa mtindo wa Tingatinga: wenye duka ndio wachoraji wenyewe.

Kufika. Panda gari la Kariakoo au Posta, kisha ulizia linalopita Morogoro Stores na umwambie konda mapema. Ukilikosa, malizia kwa bajaji. Mpatane nauli kabla hujapanda. Subiri foleni ya asubuhi ipungue, kwenye saa nne hivi.

Chimbuko. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 akauza kazi zake hapo Morogoro Stores. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake wakaishika kazi, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika.

Cha kutazama. Usiishie kwenye picha zilizotundikwa. Omba ruhusa, ukae karibu na anayechora. Rangi ni ileile ya mafuta inayopakwa mageti. Anapaka kwanza sehemu ya nyuma na kuiacha ikauke. Ndipo chui anapoingia, na madoa yake huja mwisho, moja baada ya jingine. Zamani walichora kwenye vipande vya ubao mwembamba; siku hizi ni kitambaa kilichowambwa kwenye fremu.

Kununua. Utakuta tembo na twiga wanaofanana meza hadi meza, maana mtindo ni wa wote. Weka picha mbili za mnyama mmoja pamoja: mkono uliozoea huonekana kwenye mistari. Soma sahihi, uulize mwenyewe yuko wapi, uongee naye bei. Kupatana ni kawaida, ila usimkamue mtu aliyesubiri kila rangi ikauke. Ukitaka daladala au soko la kwenu badala ya simba, agiza. Picha ya kitambaa huvuliwa fremu na kukunjwa kama mkeka, lakini rangi ikiwa bado inanata, mwachie, uifuate siku nyingine.

Ukibaki na muda. Nenda Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanzishwa 2008. Huko utakuta wasanii wa sasa wakifanya kazi karakanani mwao, kila mmoja na mtindo wake.