Kura ya Shule Katika Mji wa Croydon

Katika jimbo la New Hampshire, lililoko kaskazini mashariki ya Marekani, fedha za shule hazikatwi shauri na wakubwa peke yao. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Machi, wenyeji wa mji huitwa mkutanoni wakasomewa makadirio ya mwaka ujao, kisha hupiga kura. Kila aliyeandikishwa kupiga kura ana haki ya kusema, awe na mtoto shuleni au asiwe naye. Na huyo asiye na mtoto ana neno kweli, maana jimbo halitozi kodi ya mishahara, na sehemu kubwa ya gharama za shule hutoka katika kodi ya nyumba na ardhi.

Mishahara ya walimu nayo hupita njia hiyo. Halmashauri ya shule na chama cha walimu hukaa wakapatana, lakini mapatano yenye kuongeza gharama hayatimizwi mpaka wapiga kura wakubali fedha zake. Wakikataa, pande zote mbili hurudi kuzungumza upya. Mwalimu hungoja, bei za dukani hazimngoji.

Sasa na tutazame yaliyotokea Croydon, mji mdogo wenye watu wapatao 800. Shule yake ina madarasa ya chini tu. Watoto wakubwa husoma katika miji jirani, na mji huwalipia ada. Katika mkutano wa Machi 2022 halmashauri iliomba dola 1,700,000 hivi. Walihudhuria watu wachache mno. Mwenyeji mmoja akasimama akatoa shauri kwamba fedha hizo zipunguzwe hata zifike dola 800,000. Kura 20 zikakubali, 14 zikakataa, na jambo likapita kwa halali kabisa.

Wazazi waliposikia walishtuka. Je, kwa fedha zisizofika nusu, walimu watalipwaje, na ada za miji jirani zitatoka wapi? Lakini kulirudia jambo lenyewe hakukuwa rahisi. Sheria yataka mkutano wa pili kama huo uhudhuriwe na nusu ya wapiga kura walioandikishwa, au zaidi. Kwa Croydon ilikuwa watu 283. Basi aliyependa punguzo lidumu hakuhitaji hata kubishana: ilimtosha kukaa nyumbani na kuwashawishi wenzake wakae vilevile. Wengine kwa upande wao wakapita mlango kwa mlango, wakapiga simu, wakaandika majina, watu wa vyama vyote vya siasa pamoja.

Tarehe 7 Mei, 2022, walifika watu 379. Kura zilipohesabiwa, 377 zilitaka makadirio ya kwanza yarudishwe. Waliokataa walikuwa wawili.