Pedeli Imelegea, au Umeilegeza?

 

Jumamosi iliyopita mwanafunzi wetu mmoja aliingia darasani kidevu kikivuja damu. Pedeli ya kushoto ya baiskeli yake ilichomoka akiwa Grant Street. Jeraha nililisafisha, halikuhitaji kushonwa. Nilipomwuliza kilichotokea alisema, "Mwalimu, ile kitu ya mguu ilitoka." Baba yake, aliyetengeneza baiskeli miaka mingi huko nyumbani, alikuwa amesimama mlangoni na hakuelewa ni kitu gani. Basi leo tunasoma pedeli.

Kwanza jina la chombo. Ni baiskeli, na mji wetu unaijua: kampuni ya Pierce ilitengeneza baiskeli hapahapa Buffalo kabla ya kuingia kwenye magari ya Pierce-Arrow. Wenye wazee wa Kongo au Burundi mtasikia pia "kinga". Mimi nilifunzwa kwamba kinga ni ile inayozuia ugonjwa, kwa hiyo siku moja mama mmoja nami tuliongea dakika tano nzima, mimi nikisema chanjo, yeye baiskeli.

Katikati ya pedeli hupita ekseli. Kila upande wake kuna duara la vijipira vya chuma, ndizo gololi. Koni huzibana zisitoke, kisha huja washa, nati, na kifuniko cha nje. Gololi hubingirika ndani ya grisi. Barabara zetu zikimwagiwa chumvi wakati wa theluji, maji yake huingia humo, grisi huisha, na chuma husaga chuma, kama goti lililokosa ute.

Kabla ya dawa, pima. Shika pedeli uitikise. Ekseli nayo ikitikisika, pedeli haijakazwa kwenye mkono wake. Ekseli ikitulia lakini pedeli ikicheza, tatizo ni gololi.

Sasa sikilizeni vizuri. Ukiitazama kutoka nje, pedeli ya kulia hukazwa kwa kufuata mshale wa saa. Ya kushoto hukazwa kinyume chake. Nyuzi zake zimegeuzwa makusudi, ili isijifungue unapokanyaga. Kaka wa mwanafunzi wetu aliikaza ya kushoto "kama kawaida". Yaani aliilegeza.

Kama ni gololi, ng'oa pedeli kwa spana ya milimita 15 na uifungulie juu ya bakuli, maana gololi hukimbia. Toa kifuniko, nati, washa, halafu koni. Hesabu gololi za kila upande kwa Kiswahili, uandike. Futa grisi ya zamani. Gololi zenye kutu au vishimo zibadilishwe zote pamoja, si moja moja. Paka grisi mpya, zipange humo, rudisha koni kwa vidole mpaka iguse, kisha irudishe nyuma kidogo tu.

Ugumu uko kwenye nati. Ukiikaza, koni hupenda kugeuka nayo, kwa hiyo ishikilie. Zungusha pedeli: ikikwaruza umekaza mno, ikicheza bado imelegea. Utarudia mara tatu au nne. Hata mafundi hurudia. Pedeli za plastiki zisizo na kifuniko hazifunguki. Nunueni nyingine, msizipige nyundo.

Mmeona vitenzi? Kulegea hutokea chenyewe: pedeli imelegea. Kulegeza kuna mtu aliyefanya: kaka ameilegeza pedeli. Ni kama kupotea na kupoteza. Ndiyo maana watoto wangu husema "kikombe kimevunjika", kamwe si "nimevunja".

Kazi ya nyumbani: tengeneza pedeli moja pamoja na mzazi, bila Kiingereza. Mwulize fundi wa kwao aliitaje koni na gololi, uje na maneno mawili ambayo mimi siyajui. Kisha andika sentensi tatu zenye kaza, legea na legeza.

Wazazi, mkimaliza hesabuni gololi tena kabla ya kufagia. Mtoto anayetambaa huziokota na kuzimeza.