Kabla Hujasaini Mkataba wa Kwenda Kujenga Viwanja

Desemba 11, 2024, FIFA iliipa Saudi Arabia Kombe la Dunia la wanaume la mwaka 2034. Viwanja 15 vimepangwa kutumika, na 11 kati yake ni vipya. Vitahitaji mafundi, madereva, wasafishaji na walinzi. Ndugu msomaji, kabla hujaitikia wito wa wakala, fahamu yaliyotokea Qatar, ambako Wakenya na Waganda walifanya kazi pamoja na Wanepali, Wahindi na Wabangladeshi.

Qatar ilipopewa Kombe la Dunia mwaka 2010 ilikuwa ikifuata mfumo wa kafala. Mwajiri ndiye mdhamini wako. Bila idhini yake huhami kazi wala hutoki nchini. Vyama vya wafanyakazi na watetezi wa haki walipaza sauti miaka mingi. Mwaka 2020 sharti la idhini ya kuhama kazi likafutwa, na tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara kikawa riyali 1,000 kwa mwezi. Kazi za juani zikapigwa marufuku kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Juni 1 hadi Septemba 15.

Hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini deni lilibaki palepale. Sheria ya Qatar inakataza kumtoza mfanyakazi ada ya kuajiriwa, ilhali watu waliuza mashamba na kukopa ili wamlipe wakala huku nyumbani. Mtu wa namna hiyo akifika akakuta mshahara ni mdogo kuliko alioahidiwa, atafanya nini? Hagomi, hashtaki, na hata akiumwa anaamka kwenda kazini, maana mkopeshaji anamsubiri mkewe mlangoni.

Aliyethubutu kusema aliumia. Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi Doha, aliandika mtandaoni kwa jina la siri kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji. Mei 2021 alikamatwa, akafungiwa peke yake, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000. Mwaka uliofuata kombe likachezwa.

FIFA ina sera ya haki za binadamu tangu 2017. Hata hivyo, mfuko wa dola milioni 50 iliotangaza Novemba 2024 haukutengwa kuwafidia waliodhulumiwa wala familia za waliokufa. Kwetu sisi, hiyo ni dhuluma.

Kwa hiyo usimlipe wakala yeyote kabla ya kuhakikisha kwamba amesajiliwa: Kenya uliza Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), Tanzania uliza TaESA, taasisi ya serikali ya huduma za ajira. Dai mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoielewa, na mshahara utajwe kwa tarakimu. Pasipoti ni yako. Mwajiri hana haki ya kuishikilia. Acha nakala ya pasipoti, ya mkataba na ya kila risiti kwa mtu unayemwamini nyumbani, na umwachie pia namba ya simu ya ubalozi wa nchi yako huko uendako.