Mdogo Wangu, Ufadhili wa Kweli Hauuzwi

Mdogo wangu, vuta kiti ukae, leo tuongee habari za hii hamu yenu ya kwenda kusoma nje. Hamu yenyewe sina ugomvi nayo. Ninachogombana nacho ni ile "Dada, nimeona tangazo kwenye grupu, mwisho kesho, nifanyeje?" Miezi miwili baadaye mtu yule yule anarudi: "Dada, nimempata wakala, anasema nafasi yangu ipo, ila nitume kidogo ya kuishikilia." Unaona inavyokwenda? Aliyechelewa ndiye anayetafuta njia ya mkato, na huko ndiko matapeli walikomtandikia mkeka.

Basi sikia. Kuomba ufadhili wa Chevening wa Uingereza hakulipiwi hata senti. DAAD ya Wajerumani vivyo hivyo, Türkiye Bursları ya Uturuki vivyo hivyo. Serikali iliyotenga pesa za kukusomesha haina haja na elfu themanini yako ya "usajili", tena kwa namba ya simu ya mtu usiyemjua. Vipo vyuo, hasa vya Marekani, vinavyotoza ada ya maombi. Hiyo hulipwa kwenye tovuti ya chuo chenyewe, na ukiwaandikia kwa adabu kwamba huna uwezo, vipo vinavyosamehe. Lakini wakala anayekuuzia ufadhili? Funga pochi, zima na simu.

Wala sisemi kwamba u mjinga. Umemaliza chuo, bahasha ya vyeti imechakaa kwa kuzungushwa maofisini, shangazi kila akija anauliza "bado tu?" Halafu anatokea mtu mwenye sauti ya upole, anakuita jina lako kamili, anakutumia barua yenye nembo na muhuri. Nani asingelainika? Kinachoniuma ni kinachofuata. Mama ameshauza vitenge alivyoweka kwa ajili ya harusi ya dada yako, pesa imekwenda, simu haipokelewi, nawe unajifungia chumbani kwa aibu. Usinyamaze. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie mzazi, nenda polisi na ujumbe wote wa miamala, waambie na wenzako, maana tapeli huyo kesho yuko kwenye grupu la wadogo zako.

Jingine ni hilo neno "bure" mnalolimeza bila kutafuna. Ni kweli, vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo. Ila ukienda kuomba viza bila mfadhili, utatakiwa uonyeshe pesa ya kujikimu mwaka mzima, na wengi huiweka kwenye akaunti maalumu iliyozuiwa. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904, zaidi ya milioni 30 za Kitanzania. Erasmus Mundus nayo ni ufadhili mzuri sana: ada haikuhusu, na unapewa euro 1,400 kwa mwezi. Lakini nauli ya ndege na gharama za viza zimo humo humo, na tiketi utaihitaji kabla pesa ya kwanza haijaingia. Mwambie baba mapema, si wiki ya safari.

Wapo pia wanaopata barua iliyoandikwa "ufadhili", kumbe ni punguzo la nusu ya ada tu, na kwa furaha wanaiachia nafasi waliyopewa Mlimani au Sokoine. Usiache mbachao kwa msala upitao. Soma barua mpaka nukta ya mwisho: ada analipa nani, kodi na chakula nani, bima nani, nauli ya kurudi nani. Ambalo halikuandikwa, hesabu kwamba utalilipa wewe.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe kunaanza kabla tangazo halijatoka. Chevening inataka shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, yaani saa 2,800, na kazi ya kujitolea inahesabiwa. Kwa hiyo wewe unayefundisha hesabu bila mshahara kwenye shule ya kata, andika saa zako na umwombe mkuu wa shule barua. Chevening inataka pia urudi nyumbani ukae walau miaka miwili. Kama nia yako ni kwenda moja kwa moja, hiyo usiombe. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola ni wa nchi wanachama, kwa hiyo ndugu zangu wa Bujumbura na Bukavu msikeshe bure huko, anzieni Erasmus Mundus, mlango wake hauchagui uraia. Na muangalie saa jamani! Fomu ikisema inafungwa saa sita mchana kwa saa za UTC, Dar es Salaam na Nairobi ni saa tisa alasiri. Wenzenu wamekaa na fomu iliyokamilika wakisubiri usiku utulie, wakakuta imefungwa.

Halafu barua ya mwalimu. Unamwendea mhadhiri Ijumaa jioni akiwa anafunga ofisi, unamwambia mwisho ni Jumapili. Amefundisha mamia, sura yako anaikumbuka kwa mbali. Atakuandikia nini zaidi ya "ni mwanafunzi mwenye nidhamu"? Mwendee mwezi mmoja kabla, na matokeo yako, na karatasi moja ya uliyoyafanya, na umkumbushe ile kazi ya mradi aliyoisifu. Insha nayo andika mwenyewe. Kama ulikaa na wakulima wa mwani Jambiani mkatafuta bei nzuri, eleza hilo, taja mlifanya nini na kilibadilika nini. Ndoto yako ya "kuibadilisha Afrika" wameshaisoma kwa wengine wengi.

Kwa leo nakutuma kazi moja. Toa vyeti vyote uvilaze kitandani: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo, na pasipoti kama unayo. Linganisha jina herufi kwa herufi. Ukikuta hapa Mwanaidi na pale Mwanahidi, nenda kwa wakili wiki hii hii ukaulizie hati ya kiapo, usingoje mpaka ubalozi ukuulize.