Mashine ya Kupumulia Nyumbani Ikitangazwa Kuwa na Kasoro: Somo kwa Wakazi wa Kata

Ndugu mkazi, mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua si kifaa cha hospitalini peke yake tena. Yupo anayeitumia nyumbani kila usiku kwa sababu pumzi zake hukatika akiwa usingizini. Yupo mwenye mapafu yaliyochoka, na yupo ambaye misuli yake haina tena nguvu ya kuvuta hewa. Mashine hizo hufika nyumbani kwa njia nyingi: nyingine kwa maelekezo ya daktari, nyingine kwa mkono wa ndugu aliyerudi safari, nyingine zikiwa zimekwisha kutumiwa na mtu mwingine.

Somo hili linahusu usiku mmoja mgumu. Habari imewafikia kwamba mashine iliyo kando ya kitanda cha baba ni miongoni mwa zilizotangazwa kuwa na kasoro. Je, izimwe, au iachwe iendelee? Baada ya kusoma somo hili, mkazi ataweza kueleza maana ya tangazo la namna hiyo, kutambua kama linamhusu, na kuchukua hatua bila kumhatarisha mgonjwa.

Maana ya kuondolewa sokoni

Kifaa tiba huondolewa sokoni pale inapogundulika kwamba kinaweza kumdhuru mtumiaji, ingawa kimekwisha kuuzwa. Hapa nchini udhibiti wa bidhaa hizo umo mikononi mwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyojulikana kama TFDA hadi mwaka 2019.

Hatua hiyo haina sura moja. Mara nyingine kifaa hurudishwa na kubadilishwa. Mara nyingine hutengenezwa. Mara nyingine mtumiaji hupewa maelekezo mapya tu, na kifaa hubaki kwake. Kwa hiyo tangazo pekee halitoshi kuwa amri ya kuzima mashine. Ni wito wa kusoma kwa makini na kuuliza.

Tulijifunza nini mwaka 2021?

Tarehe 14 Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kasoro katika mashine zake za kusukuma hewa usingizini na baadhi ya mashine za kumpumulia mgonjwa, zilizotengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili 2021. Wakati huo ilikadiriwa kwamba mashine zilizohusika zilikuwa kati ya milioni 3 na milioni 4 duniani.

Kasoro ilikuwa ndani, mahali pasipoonekana. Ili kupunguza mlio, mtengenezaji aliweka sponji ya poliuretani karibu na njia ya hewa. Sponji hiyo iliweza kuchakaa na kumomonyoka, hasa katika joto na unyevu. Kusafisha mashine kwa gesi ya ozoni kuliweza kuongeza uharibifu huo. Chembe nyeusi na gesi kutoka katika sponji zingeweza kupita kwenye bomba, zikaingia katika barakoa na kufika katika mapafu ya aliyelala. Madhara yaliyotajwa ni pamoja na maumivu ya kichwa, kikohozi, kuwashwa njia ya hewa na kubanwa kifua. Hatari ya saratani nayo ilitajwa kuwa jambo linalowezekana.

Mamlaka ya Marekani ya kudhibiti chakula na dawa, FDA, iliweka tangazo hilo katika daraja la kwanza, ambalo ndilo la hatari kubwa kuliko yote. Baadaye kampuni ilieleza kuwa vipimo vyake havikuonyesha uwezekano wa madhara makubwa, lakini mwezi Oktoba 2023 FDA ilisema vipimo hivyo havikutosha. Mwezi Aprili 2024 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.1 kumaliza madai ya watumiaji wa Marekani waliosema wamedhurika.

Jambo la kuzingatia zaidi ni ushauri uliotolewa. Waliotegemea mashine ya kumpumulia mgonjwa waliambiwa wasiizime kabla ya kuzungumza na daktari, kwa kuwa kuikosa kungeweza kuwaua upesi kuliko kasoro yenyewe. Wa mashine za usingizini walitakiwa kushauriana na daktari kuhusu tiba inayowafaa. Tangazo moja, basi, lilidai majibu tofauti kwa wagonjwa tofauti. Wengi pia walisubiri miezi mingi kabla ya kupata mashine mbadala.

Kwa nini tangazo laweza kutupita

Katika tukio hilo mwenye mashine alitakiwa kujiandikisha mwenyewe kwa kampuni, akitumia namba ya seriali iliyoandikwa kwenye mashine yake. Hapo ndipo penye funzo kubwa kwetu. Tuchukue mfano wa mama wa Nkwenda aliyetumiwa mashine na mwanawe aishiye ng'ambo, naye mwana aliinunua kwa mtu. Jina la mama huyo halimo katika orodha ya kampuni, ya muuzaji wala ya hospitali. Tangazo likitoka, hakuna atakayempigia simu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mgonjwa wetu naye aweza kupotea bila habari kwa kukosa mstari mmoja wa daftari. Geuza mashine, tazama kibandiko cha chini au cha nyuma, kisha andika:

1. Jina la mtengenezaji na aina ya mashine.
2. Namba ya seriali, herufi kwa herufi na tarakimu kwa tarakimu.
3. Tarehe ya kutengenezwa, kama imeandikwa.
4. Aina ya barakoa. Mwezi Septemba 2022 kampuni hiyo hiyo ilitoa tahadhari kuhusu barakoa zake zenye sumaku, kwa kuwa sumaku zingeweza kuvuruga vifaa vilivyopandikizwa mwilini, kama kile cha kurekebisha mapigo ya moyo.
5. Kiwango cha hewa alichopanga daktari.
6. Aliyeileta mashine na mwaka ilipofika.

Hifadhi nakala moja pamoja na kadi ya kliniki. Nyingine ipeleke katika zahanati au kituo cha afya cha kata yako, ukiomba iingizwe katika kumbukumbu za mgonjwa. Piga pia picha ya kibandiko kwa simu.

Hatua za kuchukua habari ikifika

Kwanza, hakiki. Linganisha aina, namba ya seriali na tarehe na zile zilizotajwa katika tangazo rasmi. Jina la kampuni peke yake halitoshi, kwani kampuni moja hutengeneza mashine nyingi. Ujumbe unaosambazwa kwa simu bila chanzo upeleke kwa mtaalamu wa afya kabla ya kuuamini.

Pili, uliza siku hiyo hiyo. Anza na mganga wa kituo kilicho karibu. Yeye atakuelekeza kama mgonjwa anahitaji kuonwa Nyakahanga, Isingiro au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

Tatu, tofautisha mashine. Inayompumulia mgonjwa asiyeweza kupumua vya kutosha mwenyewe isizimwe mpaka mbadala uwe tayari au mgonjwa awe mikononi mwa wataalamu. Inayosukuma hewa usingizini itaamuliwa na daktari baada ya kupima hatari za pande zote mbili. Inayozalisha oksijeni ni mashine nyingine kabisa. Mgonjwa asinyimwe oksijeni kwa sababu ya tangazo la aina isiyo yake.

Nne, kama daktari ameagiza mashine ya usingizini isimamishwe, mgonjwa alale ubavu, kichwa kikiwa kimeinuliwa, na aepuke pombe na dawa za usingizi ambazo daktari hakumwandikia. Dereva wa lori au bodaboda anayesinzia mchana asishike usukani. Haya hupunguza hatari. Hayachukui nafasi ya tiba.

Tano, toa taarifa. Chembe nyeusi kwenye bomba au barakoa, harufu ngeni, kikohozi kilichoanza baada ya kutumia mashine: vyote viripotiwe kituoni, kwa Mfamasia wa Wilaya au TMDA. Kumbuka kwamba kutokuona chembe si uthibitisho kuwa mashine ni salama.

Midomo ikigeuka rangi ya bluu, mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, akichanganyikiwa au akilala usingizi usioamshika, apelekwe hospitali mara moja.

Mambo ya kuepuka

Usifungue mashine ili kung'oa sponji. Chembe zitatawanyika zaidi na mashine itaharibika. Usitumie ozoni kuisafisha. Barakoa na bomba huoshwa kwa sabuni laini na maji safi, kwa kufuata kitabu cha maelekezo. Usimuuzie wala usimpe jirani mashine iliyotangazwa kuwa na kasoro, hata kama bado inawaka vizuri.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tangazo la kuondolewa sokoni si amri ya kuzima mashine papo hapo?
2. Ni mashine ipi isiyopaswa kuzimwa kabla ya mbadala kupatikana?
3. Namba ya seriali ya mashine iliyoko nyumbani kwenu ni ipi, na nani mwingine anayo?

Familia ambayo haiwezi kujibu swali la tatu inayo kazi ya kufanya leo, kabla mgonjwa hajalala. Inahitaji kalamu, karatasi na dakika 5.