Ramani ya Japani kwenye Gari la Dar

Ukiwasha gari lililoshuka bandarini juzi kutoka Japani, mara nyingi wa kwanza kukusemesha ni mama wa Kijapani mwenye adabu zake. Wengi hudhani anawakaribisha. Kumbe anasema kadi ya ETC haijawekwa, ile ya kulipia barabara za haraka za kwao. Mwambie fundi achomoe kiboksi chake, ambacho hufichwa chini ya dashibodi au kwenye droo ya abiria. Gari haliharibiki chochote, na mama atanyamaza.

Ramani ndiyo kazi. Kila ndugu anayeagiza gari hunipigia simu na swali lilelile: ile skrini kubwa inaweza kuwekewa Tanzania? Jibu langu ni kwamba usihangaike nayo. Setilaiti za GPS zinakupa mahali ulipo tu, hazikupi barabara. Barabara zimo kwenye kadi ya memori, diski au hata ndani ya redio yenyewe, na zilizomo ni za Japani peke yake. Kwa hiyo uko Mbagala, lakini mashine haina Mbagala ya kukuonyesha. Saa nayo mara nyingi hubaki ya kwao, saa sita mbele yetu. (Hapo kuna raha kidogo: saa mbili zetu za asubuhi, kwao ni saa nane mchana, na skrini inaandika 2:00. Saa ya Kijapani inasomeka Kiswahili!)

Fundi akikuahidi kukuwekea ramani ya hapa kwenye redio hiyo, mwombe kwanza akuonyeshe redio ya aina ileile inayofanya kazi hivyo. Na hata akifaulu, atakuwekea ramani iliyoganda siku ilipotengenezwa. Ramani iliyotengenezwa kabla ya Juni 2025 inakupeleka kupanda kivuko Kigongo, wakati daraja la kwenda Busisi limeshafunguliwa. Ya mwaka 2020 haijui Daraja la Kijazi pale Ubungo. Wenzetu wa Nairobi wana barabara ya juu ya kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands, iliyoanza kutumika 2022. Gari lililotengenezwa kabla ya hapo haliijui hata kama lilinunuliwa jipya, likiwa na ramani ya Kenya, mpaka mwenyewe alisasishe.

Onyo moja: usichomoe ile kadi ya ramani ukaitumia kwenye simu. Redio nyingi za Toyota zikiikosa hugoma kabisa, hata muziki hupati. Nyingine hudai namba ya siri betri ikitolewa, basi muulize fundi wa umeme kabla hajalegeza nati.

Sasa simu. Ukiwa kwenye Wi-Fi, fungua Google Maps, pakua eneo lote la safari yako, kisha zima data na ujaribu kutafuta njia ya kwenda Dodoma au unakokwenda. Ikikupa njia, uko tayari, maana GPS ya simu haihitaji bando. Utakachokosa bila intaneti ni taarifa za foleni. Ramani uliyopakua pia huisha muda, kwa hiyo iangalie kabla ya safari na siyo ukiwa Gairo. Mimi huweka na Organic Maps pembeni, kwa sababu njia za vijijini wakati mwingine imezichora vizuri zaidi.

Kishikio cha simu kiweke kwenye tundu la AC. Ukikibandika kwenye kioo cha mbele, jua la saa saba litaipasha simu mpaka ipunguze mwanga au ijizime, na itafanya hivyo pale pale unapohitaji kujua kona. Chaja nayo isiwe ya bei ya kutupa: nyingine huingiza moto kidogo kuliko ramani inavyokula, na unafika Morogoro simu imebaki na asilimia chache ingawa ilikuwa kwenye waya njia nzima. Sauti ipitishe kwenye spika za gari kwa Bluetooth. Menyu ikiwa ya Kijapani, chukua simu ya abiria, fungua programu ya kutafsiri, elekeza kamera kwenye skrini, nawe utaona kitufe cha kubonyeza.

Simu nayo ina uongo wake. Hupenda njia fupi, na njia fupi wakati wa masika inaweza kuwa tope la magoti. Mvua kubwa ikinyesha, usiiulize simu kama Jangwani panapitika. Washa redio au muulize bodaboda anayetoka huko. Kitaa nacho kina vichochoro ambavyo ramani inaviona barabara.

Lakini ramani ya simu inarekebishika, na wewe ni mmoja wa warekebishaji. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi wa Dar kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko, mifereji ikiwemo, na kazi yao imo kwenye OpenStreetMap, ambayo Organic Maps inaitumia. Ukikuta barabara ya mtaani kwenu imekosewa jina au haimo kabisa, tuma marekebisho. Ila simamisha gari kwanza.